Mfuko Ukiwa Mtupu, Umwambie Binti Yako Nini?



Anayeishi Igembe au Tigania hahitaji kuelezwa maana ya mwaka mbaya. Juni 2014 Uingereza ilipiga miraa marufuku, na soko lililolisha nyumba nyingi likafungwa. Machi 2020 ndege za miraa za kwenda Somalia zikasimama, na biashara hiyo haikufunguliwa tena mpaka Julai 2022. Wenye kahawa huko Imenti na Embu nao hawajasahau Julai 1989, wakati mkataba wa kimataifa uliogawia kila nchi kiasi cha kahawa ya kuuza ulipovunjika na bei ikaporomoka.

Habari ya namna hii hufika kwanza sokoni, halafu jikoni. Watoto huwa wa mwisho kuambiwa, ingawa wao ni wa kwanza kuona. Wanaona chai imekuwa ya rangi. Wanaona wamerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Usiku wanasikia baba na mama wakibishana kwa sauti ya chini. Kwa kuwa hakuna aliyewaeleza, kila mtoto hujitungia maelezo yake, na mara nyingi maelezo hayo huwa mabaya kuliko ukweli.

Je, mume na mke wazungumze vipi na watoto juu ya jambo hili? Mwezi huu tunawaletea filamu moja inayoweza kuwasaidia kuanza mazungumzo hayo. Inaitwa *Queen of Katwe*. Ilitoka mwaka wa 2016, ikaongozwa na Mira Nair.

Hadithi yenyewe

Katwe ni mtaa wa watu maskini jijini Kampala, Uganda. Huko aliishi Phiona Mutesi, msichana wa kweli. Baba yake alifariki akiwa mdogo. Mama yake, Harriet, aliachwa na watoto wa kulisha na kodi ya kulipa, na Phiona akaacha shule ili auze mahindi barabarani. Siku moja alimfuata kaka yake Brian mpaka mahali ambapo Robert Katende alikuwa akifundisha watoto sataranji, mchezo ambao wengi tunauita chesi. Hapo palikuwa na uji, na mtoto mwenye njaa haukatai uji.

Mwaka wa 2010 Phiona aliichezea Uganda katika mashindano ya dunia kule Khanty-Mansiysk, Urusi. Mwaka wa 2012 alicheza tena mjini Istanbul, Uturuki, na huko akapata daraja la kwanza la ubingwa wanalopewa wanawake katika mchezo huo. Katika filamu, Phiona anaigizwa na Madina Nalwanga, na mama yake anaigizwa na Lupita Nyong'o, binti yetu wa Kenya.

Lakini usiitazame kwa ajili ya ushindi tu. Mtazame mama.

Mama na watoto wake

Harriet hana mume wa kushauriana naye. Wanafukuzwa katika chumba walichopanga. Brian anagongwa na pikipiki, na pesa za hospitali hazipo. Wapo wanaume wanaomwonyesha njia rahisi ya kupata pesa, naye anakataa. Phiona anapohitaji taa ili asome usiku, mama anaiuza nguo yake ya thamani apate mafuta ya taa. Binti anaona kwamba mama yake ana vitu vya kuuza, na pia ana kitu asichokiuza kwa bei yoyote. Somo hilo hakuna shule inayoweza kumpa.

Tena Harriet hawafichi watoto hali ilivyo. Wanajua chakula kimetoka wapi, na kila mmoja ana kazi yake. Hapa ndipo penye fundisho kwa sisi tulio na wenzi. Baba wengi huona aibu kusema, "Mwaka huu hatuna." Wanakopa dukani kwa siri, mama naye anachukua mkopo wa chama kwa siri, na siku ya kulipa nyumba inawaka moto. Upungufu ulikuwepo tangu mwanzo, lakini kilicholeta ugomvi ni kufichana.

Binti aliyeondoka

Sehemu ya kuangalia kwa makini ni ile ya Night, dada mkubwa. Anachoka na dhiki, na mwanamume mwenye pikipiki anamvuta kwa pesa na nguo nzuri. Mama anamkaripia, na maneno yao yanakuwa makali. Night anaondoka. Baadaye anarudi ana mimba, ameachwa.

Wazazi wa Meru na Embu, hadithi hii tunaijua. Mazao yakikosa soko, yuko mtu barabarani anayejua kwamba binti yako hana nauli wala pedi. Mtu huyo hahitaji kuwa tajiri. Mia mbili inamtosha. Binti aliyeambiwa ukweli nyumbani, anayejua kwamba wazazi wake wanahangaika kwa ajili yake, ana jibu la kumpa. Aliyeachwa gizani huona hakuna anayemjali isipokuwa huyo wa barabarani.

Tazama pia jinsi Harriet anavyompokea Night aliporudi. Hakusifu kosa, lakini mlango ulifunguliwa. Mwana akinyea mkono haukatwi.

Mume na mke wanaoamua pamoja

Katende ni mhandisi aliyehangaika kupata kazi. Anapoipata, yenye mshahara mzuri, anaona itamtenga na watoto wa Katwe. Anazungumza na mke wake Sara, ambaye ni mwalimu, nao wanakubaliana aiache. Si kila nyumba inaweza kuamua hivyo, wala hatusemi uache kazi. La kuiga ni kwamba jambo la pesa lilizungumzwa na wawili kabla ya kuamuliwa.

Ukweli kwa kipimo

Kwanza zungumzeni ninyi wawili, watoto wakiwa wamelala, mpaka muwe na neno moja. Kisha waiteni watoto. Waambieni kilichopungua, mtakachopunguza, na kisichobadilika: kwamba mnapendana nao na kwamba wataendelea kula na kusoma kadiri mtakavyoweza. Wapeni kazi inayolingana na umri wao. Kuchunga mbuzi au kuuza sukuma jioni hakumdhuru mtoto. Kumwambia mtoto wa miaka kumi hesabu zote za madeni, au kumfanya mwamuzi kati ya baba na mama, kunamdhuru. Mwambie ukweli wa mfuko, lakini usimtwike mzigo wake.

Filamu hii huchukua takriban saa mbili, na imeigizwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mkubwa mmoja awafafanulie wadogo na nyanya. Ajali ya Brian na mafuriko yanayobomoa makao yao yanaweza kuwatisha walio chini ya miaka minane. Keti karibu nao.

Maswali ya kujadiliana

*Baba na mama peke yao:* Kuna deni ambalo mwenzangu halijui? Ni nini kinachonizuia kumwambia?

*Pamoja na watoto:* Kwa nini Harriet aliogopa ndoto za Phiona? Night alikosa nini nyumbani? Kwenye chesi, kete ndogo kuliko zote ikivuka mpaka mwisho wa ubao hugeuka malkia. Phiona alivushwa na nani?

*Binti peke yake na mama yake:* Je, kuna mtu anayekupa vitu? Ukihitaji kitu nasi hatuna, utamwambia nani kwanza?

Swali hilo la mwisho uliza kwa upole, kisha nyamaza usikilize.