Umefukuzwa kazi kwa barua pepe? Mambo 8 ya kufanya kabla hujarudi kibanjani

Simu imelia, umefungua ujumbe, na habari ni moja: kuanzia leo huna ajira. Hukuitwa ofisini, hukukalishwa kikao. Kwetu Kashozi, mkoani Kagera, wengi wakipata habari ya namna hiyo husema, "Si neno, migomba ipo, kahawa ipo, narudi nyumbani." Kibanja, yaani shamba letu la migomba na kahawa, ni akiba nzuri, lakini kisikufanye uache haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlinda mwalimu wa shule binafsi, karani wa duka Bukoba mjini na mlinzi wa ghala la kahawa Muleba, sawa na meneja wa Dar es Salaam. Fanya hivi.

1. Tunza ushahidi siku hiyohiyo. Akaunti ya kazini inaweza kufungwa saa yoyote. Tuma ile barua pepe kwenye anwani yako binafsi, piga picha ya skrini inayoonyesha mtumaji, tarehe na saa, kisha nenda steshenari ukaprinti nakala. Ziweke pamoja na mkataba, hati za mshahara na jumbe za WhatsApp kutoka kwa bosi. Chukua yanayohusu ajira yako tu. Siri za ofisi ziache hukohuko.

2. Usiishie kusema "barua pepe si barua". Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ujumbe wa kielektroniki kuwa ni maandishi. Hoja yako yenye nguvu iko kwingine: je, kulikuwa na sababu halali, na je, utaratibu ulifuatwa? Mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuachisha kwa haki. Ila kumbuka, aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hana kinga hii ya kuachishwa isivyo haki.

3. Jiulize: nilisikilizwa? Ukituhumiwa kosa, kanuni za mwaka 2007 zinataka upewe tuhuma kwa lugha unayoielewa, upate muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na uje na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. Kama ni kupunguza wafanyakazi, mwajiri atoe taarifa na kushauriana nanyi kabla ya kuamua. Kampuni kubwa nazo huruka hatua za namna hii. Novemba 2022, wafanyakazi wa Twitter mjini Accra waliachishwa kwa barua pepe muda mfupi tu baada ya ofisi yao kufunguliwa. Hawakukaa kimya: walitafuta wakili, wakadai sheria ya kazi ya Ghana ifuatwe.

4. Hesabu siku 30. Hiki ndicho kidokezo cha kukariri. Malalamiko ya kuachishwa isivyo haki hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, maarufu kama CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Madai mengine ya kazi, kama mshahara usiolipwa, yana siku 60. Ukichelewa itabidi kwanza uombe kuongezewa muda na utoe sababu ya maana. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na siku hizo hazisubiri bosi apoe hasira.

5. Nenda ofisi inayohusika. Kama ulikuwa unafanya kazi Bukoba au Muleba, anza na CMA Bukoba. Kama kazi ilikuwa Mwanza, mgogoro husikilizwa Mwanza, hata kama wewe umesharudi Kashozi. Jaza fomu namba 1 ya CMA, mpe mwajiri nakala, na hakikisha una uthibitisho kwamba ameipokea. Usuluhishi huja kwanza; ukishindikana, unafuata uamuzi. Watumishi wa Serikali wana njia yao, kupitia Tume ya Utumishi wa Umma au Tume ya Utumishi wa Walimu.

6. Piga hesabu ya stahiki zako. Anayelipwa kwa mwezi ana notisi ya siku zisizopungua 28, au malipo badala yake. Katika mwezi wa kwanza wa kazi ni siku 7. Na notisi haitolewi ukiwa likizo. Dai mshahara wa siku ulizofanya kazi, likizo uliyolimbikiza na cheti cha utumishi. Ukiwa umefikisha mwaka, kuna kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Miaka 6 ni siku 42. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hakipati.

7. Usisahau nauli. Kama uliajiriwa Bukoba ukapelekwa kufanya kazi Dar es Salaam, mwajiri anapaswa kukusafirisha wewe na mizigo yako hadi ulikoajiriwa, au akulipe gharama hizo. Akikucheleweshea usafiri, dai na posho ya kujikimu kwa siku unazongoja.

8. Usisaini kwa haraka. Ukiletewa karatasi inayosema umejiuzulu kwa hiari au huna dai lolote, omba nakala, nenda nayo nyumbani, mwonyeshe mtu wa chama cha wafanyakazi au wakili. Aliyejiuzulu mwenyewe hujifungia milango mingi, ukiwamo wa mafao ya kukosa ajira ya NSSF.

Kama una ndugu aliyepokea ujumbe wa namna hii wiki hii, msomee kidokezo cha 4 leo. Kama hana nauli ya kwenda Bukoba, mchangie.