Gesi Baridi Katika Makundi ya Nyota ya Mbali

Wako wasikiao neno "falaki" wakadhani ni kupiga ramli na kutazamia buruji. Hayo hatuna haja nayo. Falaki tunayoizungumza hapa ni ya kipimo na hesabu.

Yajulikana kuwa nyota huzaliwa katika gesi baridi ya haidrojeni, nayo ndiyo kuni zake. Yajulikana pia kwamba yapata miaka milioni 10,000 iliyopita nyota zilikuwa zikizaliwa mara kumi hivi kuliko leo. Je, zamani kuni zilikuwa nyingi zaidi, au zikiungua upesi zaidi? Kulipima hilo ni kazi, kwani haidrojeni hiyo, kwa ubaridi wake, karibu haitoi mwanga. Basi wataalamu huitafuta kwa jirani yake, kaboni monoksaidi, nayo ni ile ile hewa ya jiko la makaa imwuayo mtu aliyelala katika chumba kilichofungwa. Mwaka 1970 Wilson, Jefferts na Penzias waliyapata mawimbi yake, yenye urefu wa milimita 2.6, upande wa nyota za Orion, ambazo Waarabu huziita al-Jabbar.

Darubini kubwa, kama ile ya ALMA huko Chile, huyaona makundi ya nyota yenye kung'aa sana; mengi yaliyo madogo huyakosa. Na mwenye kuhesabu watu wa mji kwa nyumba za ghorofa tu, akaviacha vibanda vya makuti, hesabu yake haifai. Kwa hivyo wataalamu wa COMAP, walioko Owens Valley katika California, Marekani, walianza mwaka 2019 kutazama kwa njia nyingine. Hawatafuti kundi moja moja. Hupima mwanga wote kwa jumla, mfano wa nahodha aliye baharini usiku: taa moja moja za mji haoni, lakini kwa weupe wa mwanga ajua ni wapi nyumba zimesongamana. Sahani yao ina upana wa mita 10.4 na vipokezi 19. Mawimbi wayatafutayo yalitoka yapata miaka milioni 11,000 iliyopita, yakavutika njiani hata yakawa na urefu wa sentimita 1 hivi. Na kwa kiasi cha kuvutika hujulikana umbali, ndipo ramani ikapata kina.

Taabu ni unyonge wa mwanga huo. Kelele ya chombo na anga hufikia makumi ya digrii, na kinachotafutwa ni mfano wa sehemu ya milioni ya digrii moja. Kuipunguza kelele kwa nusu huhitaji muda mara nne. Ndiyo maana huzitazama pande tatu zile zile za mbingu kwa maelfu ya saa.

Matokeo waliyoyatoa mwaka 2024 hayakudai kuwa mwanga umeonekana. Yaliweka mpaka usioweza kuzidiwa, na kwa mpaka huo baadhi ya makisio yaliyosema gesi ya zama hizo iling'aa mno yakaanguka. Sisi twaliona hilo kuwa pato halisi. Makisio yaliyosalia yangojea saa zaidi za kutazama.