Mbwa wa Uso Bapa Anapokosa Pumzi

Mwenye kufuga pagi au buldogi huzoea kumsikia mbwa wake akikoroma hata akiwa macho. Wageni hucheka, watoto humwigiza. Kwa daktari wa mifugo, mkoromo huo ni ishara ya njia ya hewa iliyobanwa, ambayo siku ya jua kali inaweza kuziba kwa muda mfupi mno.

Chanzo ni umbo. Kwa vizazi vingi wafugaji wamechagua mbwa wenye pua fupi, hadi mfupa wa uso ukapungua. Nyama ya ndani haikupungua kwa kiwango hicho. Matundu ya pua ni membamba, kaakaa laini ni refu kiasi cha kuning'inia kwenye mlango wa koo la hewa, na kwa baadhi yao koo lenyewe ni jembamba. Boksa na shih tzu wamo katika kundi hili.

Tena mbwa hatoi jasho kama binadamu. Hupoza mwili kwa kuhema. Huyu wa uso bapa akihema kwa nguvu, nyama laini huvutwa ndani na kuvimba, nafasi ya hewa hupungua, joto hupanda, naye huzidi kuhema. Joto la kawaida la mbwa ni takriban nyuzi 38 hadi 39. Likipita 41, viungo vya ndani viko hatarini.

Dalili za dharura ni pumzi yenye sauti ya kukwaruza, shingo iliyonyooshwa mbele, viwiko vilivyotanuliwa, kukataa kulala chini, na mate mazito yenye povu. Ufizi na ulimi vikigeuka rangi ya samawati au kijivu, au mbwa akianguka, hakuna muda wa kungoja.

Mwenye mbwa anashauriwa kumpeleka kivulini mara moja, kumvua mkanda wa shingoni na kuwaondoa watu wanaomzunguka, kwa kuwa hofu huongeza mahitaji ya hewa. Ikiwa ana joto, amwagiwe maji baridi mwilini, kichwa kikiepushwa, na apepewe kwa feni au kipande cha katoni. Upoozaji uanze hapo hapo nyumbani, kisha safari ifuate madirisha ya gari yakiwa wazi. Daktari apigiwe simu njiani ili atayarishe oksijeni.

Asinyweshwe maji kwa nguvu, maana yanaweza kuingia mapafuni. Asifungwe mdomo, asilazwe chali, wala asibebwe kwa kukumbatiwa kifua. Dawa za binadamu zisitumike kabisa.

Kuna tahadhari nyingine ambayo wengi huisahau. Mbwa anayetokwa na mate na kushindwa kumeza anaweza kuonekana kama amekwamwa na mfupa, kumbe ana kichaa cha mbwa. Mtu asitie mkono mdomoni mwa mbwa asiyejua kama amechanjwa. Aliyeumwa, au aliyeingiwa na mate kwenye kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kliniki, daktari humpa mbwa oksijeni, dawa ya kumtuliza na, akiona inafaa, ya kupunguza uvimbe. Hewa isipopita, hulazimika kumlaza kwa dawa na kumwingiza mrija kooni. Ikishindikana, hutoboa tundu shingoni chini ya mahali palipoziba. Wakishapata nafuu, baadhi hufanyiwa upasuaji wa kupanua matundu ya pua na kufupisha kaakaa. Upasuaji huo huleta manufaa zaidi ukifanywa mapema, kabla koo halijaanza kulegea.

Nyumbani, kinachosaidia zaidi ni kumpunguzia mbwa mnene uzito. Atembezwe alfajiri au jioni, kwa mkanda wa kifuani badala ya wa shingoni, na asiachwe ndani ya gari lililofungwa hata kwa safari fupi ya dukani.

Ustawi wa wanyama na utoaji leseni za mbwa ni majukumu ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Mkazi asiyemjua daktari wa karibu anaweza kuuliza katika ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yake, ahakikishe daktari huyo amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya, na aulize mapema kama kliniki ina oksijeni na kama hufunguliwa usiku.