Ngoja Pakauke Kwanza



Vikundi vyetu, kuanzia Diani hadi Msambweni, vikiitwa kutoa damu huitikia. Hongereni. Damu hiyo humfaa mama aliyetokwa na damu nyingi akijifungua, mtoto aliyepungukiwa na damu kwa malaria, na kijana aliyeanguka na bodaboda. Leo tujifunze jambo dogo ambalo wengi hulipuuza: kusafisha ngozi kabla ya sindano.

Siku moja niliona mama amepakwa dawa mkononi. Akaona ni baridi na inachelewa kukauka, basi akaipangusa kwa leso yake. Muuguzi akamwomba radhi, akaanza upya. Waliokuwa foleni wakanung'unika: "Mbona anatupotezea wakati?" Je, aliupoteza?

KWA NINI TUSAFISHE?

Ngozi ya kila mtu ina vijidudu, hata aliyeoga asubuhi. Hapo juu havimdhuru. Lakini sindano ikivipitia, vinaweza kuingia kwenye mfuko wa damu. Damu huwekwa kwenye friji hadi siku 35, na viko vijidudu vinavyozaana hata kwenye baridi. Mgonjwa akiongezewa damu hiyo anaweza kushikwa na homa kali, hata kufa. Vipimo vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende havivionyeshi.

Sio mambo ya mbali. Utafiti wa hospitali kuu ya Mombasa uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta vijidudu katika karibu mifuko 9 kwa kila 100 ya damu waliyoongezewa watoto. Vingi vilielekea kutoka kwenye mazingira, sio ngozi peke yake. Kwa hivyo usafi unatakiwa kila hatua, na hatua ya kwanza ni mkono wako.

HATUA ZA KUFUATA

1. Osha mkono kwa sabuni na maji mpaka juu ya kiwiko, hasa ukitoka shamba au baharini, au ukiwa umejipaka mafuta ya nazi. Kausha.
2. Muuguzi atafute mshipa kwanza, kisha apake dawa. Shirika la Afya Duniani lapendekeza klorheksidini 2% ndani ya alkoholi 70%, kwa sekunde 30.
3. Dawa iachwe ikauke yenyewe sekunde 30 nyingine. Usipulize, usipepee, usipanguse.
4. Baada ya hapo, pasiguswe tena, hata kwa kidole chenye glovu. Pakiguswa, aanze upya.

Yote ni dakika moja tu. Ukiona hatua imerukwa, usiogope. Sema kwa adabu: "Daktari, ngoja pakauke kwanza." Hapo humkosoi mtu, unamlinda mtoto wa mwenzako. Haraka haraka haina baraka.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Yule mama wa leso alikosea wapi? Ungemweleza vipi?
2. Siku ya kutoa damu kijijini kwetu, nani ataleta maji na sabuni?
3. Wanaonung'unika foleni tutawaambia nini?