Nimeitwa usaili Dodoma, naogopa

*Nina diploma ya kilimo. Sekretarieti ya Ajira imeniita usaili Dodoma, lakini mbele ya watu sauti hunikauka. Nifanyeje? – Msomaji, Mgeta*

Sauti kukauka si ujinga, mdogo wangu. Ni mwili unajihami. Vuta pumzi, omba swali lirudiwe. Jibu kwa ulichokishika mwenyewe: matuta ya ngazi huko kwenu, kabichi zilipooza kwa mvua ulifanya nini. Jirani akusaili jioni, ujibu kwa sauti.

Mimi naogopa zaidi karatasi. Beba vyeti halisi, cha kuzaliwa kikiwemo, na kitambulisho. Majina yakitofautiana kwenye vyeti, andaa mapema hati ya kisheria inayotakiwa. Lala Dodoma usiku wa kuamkia usaili, maana barabara ya Mgeta ikinyeshewa haina adabu. Hofu ikikunyima usingizi wiki kadhaa, muone daktari.