Kugeuza Umbizo la Picha za Setilaiti: Mfano wa Ziwa Nakuru

Makala haya yanaeleza jinsi picha za zamani za setilaiti zinavyogeuzwa kutoka umbizo moja hadi jingine bila kupoteza maana. Umbizo ni utaratibu ambao kwao data hupangwa ndani ya faili. Mfano uliochaguliwa ni Ziwa Nakuru, ambalo maji yake yalianza kupanda mnamo mwaka 2010 hivi, yakafunika migunga ya ufuoni na kufikia makazi ya watu. Ili kujua ni ardhi kiasi gani iliyomezwa, sharti ukingo wa sasa ulinganishwe na ule wa awali. Baadhi ya ushahidi wa ukingo huo umo katika picha za Landsat 5, setilaiti iliyorushwa mwaka 1984.

Picha hizo ni majedwali ya namba. Kila picha ina bendi saba, na katika sita kati ya hizo pikseli moja huwakilisha mraba wa mita 30 kwa 30. Thamani ya pikseli huwa kati ya 0 na 255. Katika bendi ya 4, maji huwa na thamani ndogo na nchi kavu thamani kubwa. Hapo ndipo ukingo wa ziwa hutambulikana.

Programu ya ERDAS ya miaka ya 1980 ilitumia umbizo la LAN. Faili ya LAN huanza na kichwa cha baiti 128 kinachotaja idadi ya bendi, mistari na safu, pamoja na majira ya pembe ya picha. Kisha hufuata mstari wa kwanza wa kila bendi, halafu wa pili, hadi mwisho. Mpangilio huu huitwa BIL. Katika mpangilio wa BSQ, bendi moja hukamilika kabla ya nyingine kuanza. BIL ikisomwa kama BSQ, ziwa huonekana limekatwakatwa.

Vitendo vitatu havina budi kutofautishwa. Kubadili jina la faili hakugusi data iliyomo. Kubana kwa JPEG, umbizo la mwaka 1992, hutupa baadhi ya data katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, yaani mita 240 kwa 240 ardhini, hivyo ukingo huvurugika ingawa picha hupendeza. Kugeuza umbizo hasa ni kuhamisha thamani zote, bendi zote na majira. Programu huria ya GDAL, iliyoanzishwa mwaka 1998, husoma LAN na kuandika GeoTIFF. Baada ya kugeuza, thamani na majira ya faili zote mbili yalinganishwe.

Kwa hiyo, neno "kubadilisha" pekee halitoshi katika istilahi za taaluma hii. Mkazi aliyehamishwa na maji akiuliza mpaka wa ziwa ulikuwa wapi, jibu hutegemea namba zilizohifadhiwa, wala si uzuri wa picha.