Kabla Hujajiandikisha: Kusomea Usaidizi wa Afya ya Akili kwa Njia ya Mtandao

Kozi za kumwandaa mtu kuwasaidia wenye matatizo ya afya ya akili siku hizi zinasomwa kwenye simu. Nyingine ni za bure, nyingine za kulipia, na zipo zinazoahidi cheti kwa siku mbili tu. Kijitabu hiki tumekiandika kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwalimu, kiongozi wa dini au kijana wa kujitolea anayetaka kuanza na hajui aanzie wapi.

Je, asiye daktari anaweza?

Anaweza. Mwaka 2006 nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi wa Mbare, jijini Harare, kukaa kwenye benchi la zahanati na kuzungumza na waliolemewa na mawazo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa, baada ya miezi sita, waliohudumiwa kwa njia hiyo walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Jijini Nairobi, wahudumu wa afya wa kujitolea walifundishwa mpango wa Shirika la Afya Duniani wa vikao vitano: kutuliza mwili kwa kupumua taratibu, kulichambua tatizo, kurudia shughuli zilizoachwa, na kutafuta watu wa kuegemea. Wanawake waliopitia ukatili walipata nafuu.

Lakini wahudumu hao hawakuachwa peke yao baada ya mafunzo. Waliendelea kukutana na msimamizi, kumweleza kesi na kusahihishwa. Kozi ya mtandaoni isiyo na msimamizi imekata kipande kilichofanya kazi hiyo ifaulu.

Simu inafundisha nini?

Inafundisha vizuri mambo ya kujua: dalili za sonona na za ugonjwa mkali wa akili, jinsi ya kumhudumia mwenye kifafa, utunzaji wa siri, na huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo hatua zake ni kutazama, kusikiliza na kuunganisha. Somo usiloelewa unalirudia hata mara kumi bila kumwonea mtu haya.

Kinachobaki ni ustadi, nao hauji kwa kutazama video. Unakuja kwa igizo dhima. Mwanafunzi mmoja anakuwa mhudumu, mwenzake anaigiza mama aliyefiwa na mume, na msimamizi anawatazama kwenye Zoom. Mama anasema, "Silali. Nimechoka." Mara nyingi mwanafunzi anajibu haraka: "Pole dada, jipe moyo, Mungu yupo." Ni maneno ya upendo, na kwa kweli yanamnyamazisha. Msimamizi anasimamisha igizo, wanarudia. Safari hii mwanafunzi ananyamaza kidogo, kisha anauliza: "Ukisema umechoka, umechoka na nini?" Hapo ndipo mama anaeleza madeni, mashemeji wanaoidai nyumba, na usiku anaotamani asiamke.

Swali linalofuata ndilo gumu kuliko yote, na lazima lifanyiwe mazoezi kwa sauti: "Je, umefikiria kujiua?" Wengi wanaogopa kwamba kuliuliza ni kumpa mtu wazo hilo. Sivyo. Kuuliza waziwazi kwa upole humpa nafasi ya kusema. Akikubali, usimwache peke yake. Ondoa sumu au kamba iliyo karibu, mtafute ndugu anayemwamini, mfikishe kituo cha afya.

Ijue pia sheria ya unakoishi. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa ni kinyume cha Katiba. Nchini Tanzania, Kanuni ya Adhabu bado inalitaja kuwa kosa, na hofu hiyo huwafanya wengi wafiche. Ndiyo maana mtu huyu apelekwe kwa tabibu, na habari zake zisifike kijiweni.

Kabla ya kulipa

Waulize wenye kozi: nani atanitazama nikifanya mazoezi, na ana sifa gani? Nikikwama na kesi baada ya kozi, nampigia nani? Wasipokuwa na majibu, tunakushauri usilipe. Na cheti chochote utakachopata hakikufanyi mshauri nasaha; nchini Kenya kazi hiyo ina sheria yake ya mwaka 2014 inayotaka usajili. Huandiki dawa, huwaambii watu waache dawa walizoandikiwa, hutangazi tiba.

Kusoma ukiwa nyumbani

Pakua masomo penye Wi-Fi ya bure, bando ubaki nalo kwa vikao vya moja kwa moja. Vaa visikilizi: hata kesi ya mazoezi haifai kusikika sebuleni, kwa sababu jirani atadhani unamzungumzia mtu wa mtaani. Usimrekodi mtu, wala usiandike jina lake kwenye kundi la WhatsApp la darasa.

Huenda somo moja likakugusa palepale penye kidonda chako mwenyewe, labda msiba au kipigo cha utotoni. Zima simu, mwambie msimamizi, upumzike wiki hiyo. Kozi nzuri itakusubiri bila kukukata alama.